Ni Dakika Mbili na Ushee, Sio Tatu

Kwanza naomba tuwekane sawa. Shoga yangu, yule aliyekuwa ameshika saa siku ya mtihani wa mbwa wangu wa kutafuta harufu iliyofichwa, ameshawatangazia kwamba nilinuswa makalio dakika tatu nzima mbele ya mwamuzi. Uongo mtupu. Mtihani wote ni dakika tatu, na mwanzoni mbwa alikuwa anafanya kazi yake vizuri kabisa. Kwa hiyo ni dakika mbili na ushee. Mkinicheka, nichekeni kwa takwimu sahihi.

Mwenye makosa ni mimi. Bwege hana hatia. (Ndiyo, mbwa wangu anaitwa Bwege. Jina alipewa utotoni, kabla hatujajua ndani ya nyumba hii nani hasa analistahili.)

Usiku wa kuamkia mtihani kocha alisema mbwa apumzike. Mimi nani nisikie? Nikasema tupige raundi moja ya mwisho. Wanaocheza mchezo huu mnajua vifaa: kijiti cha pamba kilichokatwa nusu, kimewekewa harufu ya mafuta ya kunukia, kinaingia kwenye kikopo chenye matundu, kikopo kinafichwa. Kuna mashindano ya harufu ya anisi, ile mbegu ya kiungo, sisi tulikuwa na karafuu. Kijiti unakishika kwa kibano, mkono una glavu, ukimaliza kinafungiwa mbali na nguo zako na vitu vya mbwa. Haya yote nilifundishwa. Niliandika hadi kwenye daftari, nikapigia mstari.

Simu ikaita. Nikakifunga kile kijiti kwenye tishu, nikakisokomeza mfuko wa nyuma wa suruali, nikaenda kupiga umbea. Tena na huyo huyo shoga, na hiyo sehemu hawasimulii.

Asubuhi nikavaa suruali ya bahati. Mshajua ni ipi.

Sasa mtihani wenyewe. Maboksi 12, yote yanafanana, yamepangwa chini. Moja tu lina karafuu. Mwenye mbwa hajui ni lipi, kazi yake ni kumsoma mbwa, na mbwa akipata unapaza sauti "Hapa!" Ukikosea, umekwisha, hakuna kujaribu tena.

Tukaanza. Boksi la kwanza, akapita. La pili, akapita. La tatu akalinusa kwa adabu, kama mtu anayesalimia jirani asiyempenda. La nne, jamani. Kichwa kiligeuka kabla ya mwili. Mdomo ukafunga. Mkia ukasimama wima, hautikisiki, na pua ikaanza zile pumzi fupi fupi za haraka ambazo kocha alizisema miezi na miezi. Akaketi. Akanitazama.

Na mimi, mwanafunzi mwenye daftari, nikamwambia nini? "Endelea, baba."

Nilidhani ni mapema mno! Sekunde ishirini hazijafika! Nani anapata kitu sekunde ishirini? (Acheni kujibu.)

Bwege akanitazama kwa huruma. Kisha nikapiga hatua moja mbele nimtie moyo, na nadhani hapo ndipo upepo wa suruali ulipomfikia. Nikamwona anabadilika uso. Akazunguka nyuma yangu. Nikasikia kitu chenye ubaridi na unyevu kikigonga mfuko wa nyuma. Akaketi.

Nikageuka. Akazunguka, akaketi nyuma yangu. Nikageuka tena. Akazunguka tena. Kamba ikaanza kuniviringa magoti. Namnong'oneza, "Tafuta, Bwege, tafuta," na yeye anasukuma pua ndani zaidi, kama karani anayekugongea muhuri mahali ambapo hukuomba. Wanasema pua ya mbwa inaweza kuwa na vipokezi vya harufu milioni 300 hivi, sisi binadamu kama milioni sita. Milioni zote 300 zilikuwa pale. Nilizihisi moja moja.

Pembeni nikasikia mtu anakohoa. Haikuwa kikohozi. Ni shoga, saa mkononi, mabega yanatikisika.

"Zimebaki sekunde thelathini," mwamuzi akasema.

Hapo akili ikahama. Miguu imefungwa kamba, nyuma nina mbwa, mbele nina maboksi 12 ambayo yote sasa yananitazama. Kidole cha mguu kilikuwa karibu na boksi la tisa. Kwa ushahidi huo tu, nikanyoosha mkono nikapaza sauti hadi mbwa wa nje wakabweka: "HAPA!"

"Hapana," akasema mwamuzi. Kwa upole, kama anayekupa pole msibani.

Halafu akainamisha kichwa, akamtazama Bwege, akanitazama mimi. "Dada yangu, samahani. Mfuko wa nyuma una nini?"

Nikaingiza mkono. Tishu. Nikaitoa polepole, maana nilishajua, mwili mzima ulishajua. Ikafunguka yenyewe, kijiti nusu kikaanguka sakafuni, na Bwege akakaa wima mbele yake, kifua mbele, anasubiri malipo ya kazi ya pili ya siku. Mwamuzi akafunika mdomo kwa karatasi yake ya alama.

Mengine mnayajua: kuleta harufu yako uwanjani ni marufuku, nikaomba radhi, chumba kikafunguliwa madirisha, maboksi yakahamishwa, mbwa waliobaki wakasubiri, nikatoka bila kuaga. Boksi sahihi? La nne. Msiniulize tena.

Tumeandikishwa upya. Kocha amesema safari hii atanipekua mlangoni, na hakuwa anatania.

Suruali nimeifua mara tatu. Iko kambani sasa hivi ninapoandika. Bwege ameketi chini yake tangu saa nne, mdomo umefungwa, mkia wima, kila baada ya muda ananigeukia dirishani. Nimeshatoka mara mbili kumpelekea kipande cha nyama. Nitafanyaje, na amepata?