Kizuri Chajiuza, Lakini Mteja Atakitambuaje Mara ya Pili?

Mshauri mfanyabiashara mdogo atafute nembo, achague rangi zake na azishikilie, naye atakujibu kwa methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Si jibu la kupuuza. Mwenye mtaji wa shilingi laki tatu anajua gunia la mchele litaisha na kurudisha faida, ilhali ubao uliochorwa vizuri hauliwi wala haupimwi kwa kilo. Wapo pia wachoraji waliochukua fedha za watu kisha wakawakabidhi picha iliyookotwa mtandaoni, ambayo duka la mtaa wa pili nalo linayo. Na mtaani watu hawafuati bango. Wanaenda kwa Mangi, kwa mama fulani, kwa kijana mpole anayekubali kuandika deni daftarini. Yupo hata mteja anayeona duka limependeza akapita moja kwa moja, akiamini bei za humo si za mfuko wake.

Haya yote ni kweli. Ninachokiona kimeeleweka vibaya ni kule kuichukulia nembo kama pambo, kitu cha kuongeza biashara ikishanenepa. Methali yenyewe ina sharti ambalo halisemwi: kizuri kitajiuza ikiwa aliyekionja ataweza kukipata tena.

Miaka michache iliyopita nilinunua asali Tabora, karibu na stendi ya mabasi. Chupa ya plastiki, lebo ya karatasi yenye maandishi ya kijani na mchoro wa mzinga. Ilikuwa asali nzito, yenye weusi kidogo, nyumbani iliisha kabla ya mwezi. Nilipopita tena nikaitafuta. Nilikuta chupa za kila namna na lebo za kila rangi, ya kijani hakuna. Mama mmoja akaniambia ni yeye yule yule: za kijani zilimwishia, mchapaji akamtolea za njano, na jina likafupishwa ili litoshe. Huenda alisema kweli. Lakini asali ni bidhaa ambayo kila mnunuzi anaihofia kuchanganywa na sukari, na mimi sikuwa na cha kunithibitishia. Nikapanda basi mikono mitupu.

Nimeliwaza sana jambo hilo. Kizuri kilikuwepo, mnunuzi alikuwepo, fedha ilikuwa mfukoni. Mauzo ya kwanza mtu huyapata kwa bahati, kwa sababu basi lilisimama hapo au mteja alikuwa na njaa. Ya pili huyapata kwa kukumbukwa. Na ladha haielezeki kwenye simu. Huwezi kumwambia dada yako aliye safarini akununulie asali "yenye ladha ile". Unaweza kumwambia akutafutie chupa yenye lebo ya kijani na mzinga. Mama yule alipobadili lebo alipoteza zaidi ya mteja mmoja, maana kila aliyekuwa tayari kumtangaza bure alinyang'anywa maneno ya kumtangazia.

Watu wa pwani wanalijua hili kupitia kanga. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza Mombasa mwaka 1887, limetoa michoro na misemo isiyohesabika. Kinachobaki pale pale toleo baada ya toleo ni maandishi madogo kwenye ukingo wa nguo: K.H.E., Mali ya Abdulla. Mnunuzi huyasoma hayo kabla ya kuuliza bei. Ndiyo maana siwaelewi wanaosema kushika sura moja kunaua ubunifu. Kanga hubadilika kuliko karibu kila bidhaa tunayoijua, na imeweza kubadilika hivyo kwa sababu kuna alama moja ambayo haiguswi.

Upande wa pili una hoja moja nzito kuliko zote, nayo ni rangi ya bure. Kampuni ya simu au ya soda hupaka duka zima, huleta na bango, na jina la mwenye duka huandikwa kwa herufi ndogo pembeni. Kwa mtu ambaye ukuta wake ulikuwa unabanduka, huo ni msaada wa kweli, na simlaumu anayeupokea. Ila tuhesabu. Nchini Kenya mtandao ulioanza mwaka 2000 kama Kencell uligeuka Celtel mwaka 2004, Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010. Majina manne ndani ya muongo mmoja, kila jina na rangi zake. Tanzania, Tigo imekuwa Yas mwaka 2024. Kampuni kubwa ina bajeti ya matangazo ya kuwafundisha watu sura yake mpya. Mwenye duka hana. Akipakwa upya amekuwa mgeni kwenye mtaa wake mwenyewe, na jirani yake, aliyepakwa na kampuni ile ile, anafanana naye kama pacha. Mtu akielekezwa "duka jekundu", atakuta mekundu matatu. Kama ukuta ni lazima utolewe, basi mlango, kaunta na mifuko vibaki na rangi ya mwenyewe.

Tena gharama ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu kinachohitajika ni kurudia. Rangi moja au mbili, aina moja ya herufi, jina lisilofupishwa leo na kurefushwa kesho. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, Kenya Agosti 2017 na Tanzania Bara Juni 2019, hata muuza karanga anaweza kuwa na bahasha za kaki, na mhuri mmoja wa mpira utazigonga kwa miaka. Mhuri haukosei rangi wala haubadili herufi.

Makosa huingilia kwa mchapaji. Rangi ya kwenye simu hutokana na mwanga, ya kwenye karatasi hutokana na wino, hivyo kijani kinachong'aa kwenye kioo hutoka kimefifia kwenye lebo. Anayempelekea mchapaji picha ya WhatsApp akisema "kijani kama hiki" atapewa kijani tofauti kila safari. Aliyeandika namba ya rangi yake, akatunza lebo ya kwanza kama sampuli, na kumdai mchoraji faili halisi linaloweza kukuzwa bila kuvunjika badala ya picha tu, anaweza kuhama mchapaji na sura ikabaki ile ile. Ajue pia kwamba kusajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, si kusajili alama ya biashara. Ni maombi mawili tofauti, na la kwanza halimzuii mwingine kuiga lebo.

Nakubaliana na wapinzani wa hoja hii katika jambo moja: mapema mno ni hasara. Ambaye bado hajajua atauza sabuni au mafuta ya nywele asichapishe lebo elfu moja. Agonge mhuri wenye jina lake, auze, asikilize. Bidhaa ikishatulia, hapo ndipo rangi ishikiliwe, hasa siku ambayo mchapaji anasema ile ya zamani imeisha na hii nyingine ni nzuri zaidi.

Ile chupa ya Tabora bado ninayo jikoni, sasa tunawekea chumvi. Lebo imechakaa, mzinga unaonekana, na namba ya simu imebaki na tarakimu sita.