Sim Walton hakubebwa na bahati

Ukiyatazama matokeo juu juu, unaweza kudhani Sim Walton alikuwa na nyota tu. Mchezaji huyu wa klabu ya Tullaroan alitwaa ubingwa wa Ireland wa hurling, mchezo wa jadi wa fimbo na mpira, mara 7 akiwa na kaunti ya Kilkenny: 1904, 1905, 1907, 1909, 1911, 1912 na 1913. Fainali tatu kati ya hizo, zote dhidi ya kaunti ya Cork, Kilkenny walishinda kwa pointi moja tu.

Kwangu mimi, pointi hizo ndizo ushahidi wa ubora wao. Katika hurling, mpira ukipita chini ya mtambaa panya ni bao, sawa na pointi 3. Ukipita juu yake ni pointi 1. Anayeongoza kwa pointi moja hana usalama wowote, maana pigo moja la fimbo linampindua. Mwaka 1912, Walton akiwa nahodha, Kilkenny walipata mabao 2 na pointi 1, Cork bao 1 na pointi 3. Saba kwa sita! Ukiponea hivyo mara moja, sawa, ni bahati. Lakini 1904, 1907, kisha 1912? Hao walijua kumaliza mechi.

Medali ya 1911 ndiyo inayobishaniwa zaidi. Uwanja wa Cork ulijaa maji, fainali ikahamishiwa mji wa Thurles, wapinzani wao, kaunti ya Limerick, wakagoma kwenda, na Kilkenny wakapewa ubingwa. Sasa kosa la Walton na wenzake liko wapi? Wao walikuwa tayari kucheza. Tena walikwenda mji wa Dungarvan kupambana na kaunti ya Tipperary katika mechi ya kufidia, wakashinda mabao 3 na pointi 3 kwa mabao 2 na pointi 1. Medali hiyo ni halali yao, na inaniudhi kuona ikihesabiwa kwa shingo upande.

Kabla ya 1904 Kilkenny hawakuwa na taji hata moja la Ireland. Baada ya 1913 walisubiri hadi 1922. Kizazi cha Walton, Jack Rochford, Drug Walsh na Dick Doyle, wote wenye medali 7, ndicho kilichoifanya kaunti hiyo iogopwe. Ilipofika 1954 ndipo Christy Ring wa Cork alipowapita kwa medali ya nane.