Babu Yupo, Kompyuta Haimwoni

Leo nilipanga kuwa mtu wa heshima. Shati limepigwa pasi, tumboni chai ya rangi na ming'oko ya pilipili, ofisini nimeingia kama mgeni rasmi. Dereva wa boda kanidai nauli ya watu wawili, nikanyamaza.

Kazi yenyewe ya kitoto. Jedwali la wakulima waliosajiliwa limejaa, la mgao wa salfa, dawa ya mikorosho, lina mapengo. Hamisha waliosahaulika, basi. Nikaandika amri ya SQL, lugha ya kuagizia majedwali: ingiza wote ambao namba zao NOT IN, yaani hazimo, kati ya zilizomo kule. Mistari 0. Nikabonyeza kwa kidole kingine. 0.

Akaingia babu mmoja kutoka Nanguruwe, kadi mkononi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu. Salfa yangu?"

"Kompyuta inasema hakuna aliyesahaulika."

"Kumbe nimo."

"Haumo."

"Basi nimesahaulika."

"Hujasahaulika, babu."

Akaniangalia kama mkorosho ulioingia ugonjwa wa ubwiri unga.

"Mjukuu, nimepanda gari, nimeshuka, nimekaa kwenye benchi lako. Kivuli changu hicho. Niko wapi?"

Jasho likanitoka, pasi ikafa. Kuchimba-chimba, kumbe kwenye jedwali la salfa karani fulani (simtaji, tunavaa shati moja) aliacha mstari mmoja bila namba. NULL, yaani patupu, hapajulikani. Na kompyuta ni mwoga wa kuapa: ukiiuliza kama babu hayumo, ikifika kwa yule asiye na namba inasema, sijui, huenda ndiye huyu. Imeshindwa kuapa kwa mmoja, imewanyima wote! Wakulima watu wazima, wenye mikorosho na madeni, wamezuiwa na mtu asiyejulikana hata namba!

Nikaandika upya kwa NOT EXISTS. Hiyo inatafuta tu anayelingana; asipopatikana, pita. Majina yakamwagika, babu wa tatu kutoka juu. Nikarudia kwa jeuri. 0, lakini hii sifuri ya halali, hakuna aliyeingia mara mbili.

"Na yule asiye na namba?" babu akauliza.

"Namfuta."

"Mwenye mikorosho yake unamfuta?"

Kabla sijajibu, umeme ukakata. COMMIT, amri ya kuhifadhi kazi, sijaandika! Gesi ya kuzalishia umeme inatoka hapo Mnazi Bay, hapa hapa Mtwara, mimi nipo gizani na orodha imerudi ilikotoka.

Babu akavuta benchi karibu, akaniuliza mimi wa ukoo gani. Nikamtajia.

"Aa, ndo maana," akasema, akaanza kunihadithia habari za babu yangu na mbuzi wa watu.