Punguzo la Nini, Jamaa Yangu?

Jamaa yangu mmoja amenunua boti mpya, na tangu juzi simu zetu hazipumui. Picha asubuhi, picha jioni, na chini ya kila picha maneno yale yale: "Nimewabana mpaka wakatoa asilimia 12!" Watu wanampongeza, vidole gumba vimejaa. Mimi nikauliza swali moja tu: asilimia 12 ya nini? Akanuna.

Wala si husuda. Kwenye picha zote hizo boti imekaa juu ya magogo na huko nyuma hakuna mashine. Nikajua yaliyompata kabla hajasimulia. Bei aliyopunguziwa ni ya bodi, yaani boti tupu bila mashine. Mashine ilikuwa kwenye karatasi ya pili, bei kamili, haikuguswa. Karatasi ya tatu ilikuwa na usafirishaji, "maandalizi", ufungaji wa mashine, nyaya, kebo za usukani, mita, betri na propela. Naam, propela. Mashine kubwa nyingi huuzwa bila propela, na mnunuzi mgeni hulijua hilo siku ya kulipa. Karatasi ya tatu peke yake ililimeza lile punguzo lote, na muuzaji akabaki na chenji.

Kuna hawa mabingwa wa kupatana bei wanaotufundisha kila siku: taja nusu, kunja uso, geuka kama unaondoka, utaitwa. Hizo ni mbinu za kununulia viatu. Kiatu ukishalipa umevaa, mambo yamekwisha. Boti ni bodi ya kiwanda kimoja, mashine ya kiwanda kingine, vifaa vya kuongozea vya kiwanda cha tatu, trela ya cha nne, halafu fundi wa muuzaji ndiye anaviunganisha. Kila panapounganishwa kitu pana mlango wa pesa. Muuzaji mzoefu anakuachia ushinde kwenye mlango mmoja ulioukodolea macho, tena anajifanya ameumia, anapiga simu kwa bosi, anarudi anatikisa kichwa, "umenimaliza leo". Kisha anapitia ile mingine yote huku wewe unasherehekea.

Na tukumbuke orodha ya bei aliiandika nani. Si yeye na kiwanda chake? Asilimia ya namba aliyoitunga mwenyewe haimtoi jasho.

Ndiyo maana mimi sizungumzii punguzo kabisa. Nazungumzia jumla. Boti iko majini, mashine imefungwa na imewaka, betri imejaa, vifaa vya usalama vimo ndani, kodi na usajili vimelipwa, ufunguo uko mkononi mwangu: ni ngapi? Namba moja, kwa maandishi, na chini yake orodha ya kila kilichomo, mpaka idadi ya kamba na ukubwa wa nanga. Orodha hiyo hiyo, bila kubadilisha hata skrubu, unawapelekea wauzaji watatu. Usishangae ukikuta yule mwenye punguzo dogo kuliko wote ndiye jumla yake iko chini. Na usishangae mmoja akikataa kuiandika. Huyo naye amekujibu.

Najua watakaonijia juu kuhusu usafirishaji. Haya, nakubali, kwa shingo upande. Boti ni pana, haipakiwi kirahisi, na gharama ya kuitoa kiwandani ni ya kweli. Kufunga mashine na kupitisha nyaya pia ni kazi ya fundi ya siku nzima au zaidi, na fundi ana haki ya kula. Ninachokataa ni kuambiwa baada ya kupeana mikono. Na hii "ada ya maandalizi" inayojumuisha kuiosha boti na kung'oa nailoni za kiwandani, mtuwie radhi. Unanitoza kwa kukusafishia bidhaa unayotaka kuniuzia? Siku nyingine nitatozwa kwa kufunguliwa geti.

Kinachomlegeza muuzaji kwa kweli ni muda, hata uwe na ulimi mtamu vipi. Boti nyingi unazoziona zimepangwa uani hazijalipiwa na mwenye ua. Amezichukua kwa mkopo, na riba inatembea kila mwezi boti ikiwa imekaa inapigwa na jua. Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo, nenda tezi, yaani nyuma ya boti, upande wa kulia, uitafute namba ya bodi. Ina herufi na tarakimu 12, pengine zikitanguliwa na herufi za nchi. Zitazame nne za mwisho. Tuseme zinasomeka H425. H ni mwezi wa nane (A ni Januari, endelea kuhesabu), 4 ni mwaka 2024, na 25 ni mwaka wa modeli. Boti imetengenezwa Agosti 2024 na kuuzwa kama modeli ya 2025. Sasa akikwambia "hii imeshuka juzi tu" na wewe umeshasoma namba, huna haja ya kukunja uso wala kuigiza kuondoka. Mwambie mwezi na mwaka, kisha nyamaza. Ukimya huo una thamani kuliko hotuba zote za mabingwa wetu.

Boti iliyokaa hivyo si mbaya, msinielewe vibaya. Mara nyingi ndiyo nafuu iliyo bora kuliko zote, hasa modeli mpya ikishaingia na ile ya zamani ikawa inamchukulia nafasi. Ila ulizia betri, mipira ya mafuta, na hasa dhamana ya mashine inaanza kuhesabiwa lini. Ianze siku unapoichukua, na iandikwe hivyo.

Maonyesho ya boti? Düsseldorf Januari, Miami Februari, Cannes Septemba. Nenda ukafurahishe macho na upande boti 20 na kuvua viatu mara 20. Ile "bei ya maonyesho inayokwisha Jumapili saa kumi na moja" mara nyingi Jumanne bado iko hai na afya njema. Kuhusu kutoa boti yako ya zamani kama sehemu ya malipo: maliza kwanza bei ya mpya, ndiyo uitaje ya zamani. Na akikuuliza "kwa mwezi unaweza kulipa ngapi", usijibu. Ukishamjibu, bei ya boti hamtaizungumza tena, mtazungumza miaka tu.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote, maana hapa si pesa peke yake. Njia rahisi kuliko zote ya kushusha bei ni kukufungia mashine ndogo. Bodi ile ile, rangi ile ile, picha zinapendeza vile vile, bei imeshuka, mnunuzi anachekelea. Kisha anapakia watu sita, mafuta na mizigo, na boti inalima maji, omo (mbele) iko juu, tezi imezama, haiinuki. Mashine inakanyagwa mpaka mwisho safari nzima, inakunywa mafuta kama imelaaniwa, na hali ikichafuka hana nguvu ya akiba ya kumtoa. Jamani, hapo hakuna kilichookolewa. Karibu na usukani au kwenye tezi pana kibao kinachotaja uzito wa juu na idadi ya watu, na mara nyingi nguvu ya juu ya mashine. Kisome. Sikwambii ufunge mashine kubwa kuliko zote, ila anayekuuzia iliyo karibu na mkia wa orodha ya mashine zinazofungwa kwenye bodi hiyo akueleze kwa nini, na maelezo yasiwe bei.

Hivyo hivyo daraja la bodi. Boti za soko la Ulaya huandikwa A, B, C au D. C inahesabiwa kwa upepo wa hadi nguvu 6 za kipimo cha Beaufort na mawimbi ya hadi mita 2. D ni ya maji yaliyokingwa, mawimbi ya sentimita 30 hivi. Ukisikia "ni boti ile ile lakini nafuu zaidi", tafuta hiyo herufi kabla hujaamini.

Wengine watasema basi tumkamue muuzaji mpaka tone la mwisho. Mimi sisemi hivyo, ingawa moyo ungependa. Huyu ndiye utakayempelekea boti kwenye huduma ya kwanza, ambayo kwa mashine nyingi hufika baada ya saa 20 tu za kazi. Akiwa amekuuzia kwa hasara utaijua foleni ilivyo ndefu. Mkishakaribiana bei, acha kudai pesa, dai vitu: yeye anavitoa kwa bei yake ya jumla, wewe unavipokea kwa thamani ya dukani. Lakini dai vya maana. Pampu ya pili ya ngama, ile ya kutoa maji yanayotuama chini ndani ya boti, jaketi za kuokolea za kutosha watu wote, nanga ya uzito unaostahili na minyororo yake. Muuzaji atakupa spika na vishikio vya vikombe kwa mikono miwili. Mrudishie.

Na usilipe yote kabla ya majaribio ya majini. Shikilia salio lenye uzito, liandikwe kwenye mkataba, kisha pakieni watu na mafuta kama mtakavyotembea siku zote, mkanyage mpaka mwisho na kutazama mita. Kila kiwanda cha mashine hutaja mizunguko inayotakiwa kufikiwa hapo, mathalani 5,000 hadi 6,000 kwa dakika. Isipofika, au ikipitiliza, uwezekano mkubwa ni propela isiyofaa, na kuibadilisha ni juu yake maadamu uliliandika hilo mapema. Akikwambia kampuni yao haina utaratibu wa mteja kushikilia salio, mwulize kama ina utaratibu wa kurudisha arbuni. Mwulize kabla hujaitoa.