Komisioneri wa ferme si yule wa parseli

Hapa Goma ukitaja komisioneri, yaani dalali wa ardhi, watu wanashika mifuko yao. Wanamjua yule wa parseli, anayeuza kiwanja kimoja kwa watu watatu kisha anabadilisha namba ya simu. Ndiyo maana sikushangaa kusikia, mara nyingi sasa, kwamba hata ferme za Masisi, yale mashamba makubwa ya ng'ombe milimani, zitapona siku makomisioneri watakapowekwa pembeni: mnunuzi aende mwenyewe kwa mwami, chifu wa kimila, aende mwenyewe kwenye ofisi ya hati, basi. Hasira hiyo naielewa. Dawa ndiyo naikataa.

Wanaowapinga wana sababu, na si ndogo. Komisioneri anakula asilimia, kwa hiyo anapenda bei ipande na mambo yaende mbio, na mambo yakienda mbio ugomvi unafichwa. Tena kuna hoja nzito zaidi, inayomgusa mwenye ferme kuliko dalali. Mashamba mengi ya chai na pareto ya walowezi yaligawiwa watu wa karibu na utawala baada ya Mobutu kutangaza zairianizasyo, yaani kunyang'anya wageni mali na kuwapa wananchi, tarehe 30 Novemba 1973, na mengine yakageuzwa malisho. Vijiji vya jirani vilibaki vimebanwa. Mpaka leo kuna mkulima anayepata kipande cha kulima kwa kutoa salongo tu, yaani siku zake za kazi kwa mwenye konsesyoni, haki ya kutumia ardhi ya Serikali. Kwa mtu huyo, kuhifadhi ferme ikiwa nzima maana yake ni kuhifadhi dhuluma ikiwa nzima. Siwezi kumwambia amekosea.

Lakini tuulize: komisioneri akiondoka, ferme hazitauzwa? Zitauzwa. Zitauzwa juu ya meza ya hoteli, karatasi mkononi, mlima haujaonekana.

Naomba nikae kidogo kwenye hiyo karatasi. Kwa sheria ya ardhi ya Kongo ya 20 Julai 1973, udongo ni mali ya Serikali na hauuzwi. Kinachopita mkono kwa mkono ni konsesyoni, nayo haisimami mpaka iandikwe kwenye hati ya usajili, ile tunayoiita sertifika. Kifungu cha 227 ndicho kinachoninyima usingizi. Sertifika ikishatolewa, aliyepoteza ardhi yake kwa kosa au kwa hila ana miaka miwili ya kudai arudishiwe. Ikipita, ardhi hawezi kuidai tena. Anadai fidia tu.

Sasa hesabu miaka miwili ukiwa Masisi. Sertifika inatolewa mjini, na hakuna anayepanda nayo mlima kuwasomea watu. Familia inayolima bonde tangu enzi za babu inapata habari siku waya unapofungwa, au siku ng'ombe wa mgeni wanapoingia kwenye maharagwe. Na kama familia hiyo ilikimbia vita? Watu wa Masisi walikaa muda mrefu kwenye kambi za wakimbizi karibu na Goma, kama Bulengo, mpaka kambi zikavunjwa mwanzoni mwa 2025. Anayelala chini ya hema la plastiki hahesabu siku za kifungu cha 227. Zinakwenda bila yeye. Anarudi na jembe begani, anakuta bonde lina mwenyewe, na fidia aliyoachiwa na sheria inahitaji advoka ambaye hana pesa ya kumlipa. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 389, iliahidi kwamba amri ya Rais itapanga haki za wanaokaa kwenye ardhi kimila. Mobutu aliondoka 1997 bila kuitoa.

Mnunuzi naye anadanganyika. Anadhani miaka miwili ikipita amejengewa ukuta. Juu ya mlima watu wanahesabu kwa makaburi ya wazee wao. Waya unang'olewa, ng'ombe wanakatwa usiku, mchungaji anatoroka. Baada ya misimu miwili ya hasara huyo mwenye sertifika safi anachoka na kuanza kuuza hekta moja hapa, tatu kule. Ndivyo ferme nyingi zinavyokufa.

Kwenye pengo hilo, kati ya ofisi na mlima, ndipo komisioneri anayejua ferme anafanya kazi isiyofanywa na ofisi yoyote. Nilipanda na mmoja wao juu ya Mushaki, mzee aliyeanza kama mchungaji. Mnunuzi alikuja na gari asubuhi akitaka kurudi mjini kabla ya giza. Mzee alimlaza huko siku mbili. Siku ya kwanza walitembea mpaka wote kwa miguu, alama hata alama, pamoja na majirani wa kila upande. Siku ya pili aliuliza maswali ambayo mimi nisingeyafikiria: ng'ombe wanakunywa wapi mwezi wa Julai kiangazi kikikaza, kaya ngapi zinalima ndani kwa salongo na kwa maneno gani walikubaliana, nani alipanda ile mikaratusi, majani ya kikuyu yamerudi au yameliwa na magugu. Aliomba pia kuona nani alitia sahihi mkataba wa kwanza, kwa sababu konsesyoni ya shamba inayozidi hekta 200 haimalizwi na gavana, inapanda kwa waziri, na ikizidi 1,000 inapanda zaidi. Wa parseli hajui hata kwamba swali hilo lipo.

Mnunuzi alichoka. «Mzee, lakini sertifika si iko safi?»

«Iko safi, papa. Mlima ndio hatujauuliza.»

Wapo watakaosema huyo ni mmoja kati ya mia. Labda. Lakini ujuzi wake unafundishika, na bila huo ferme ikikatwa hakuna anayefaidika, hata yule mkulima niliyemtetea hapo juu. Ferme ya Masisi kwa kawaida ina chemchemi moja au mbili, kisima kimoja cha kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe, njia moja ya kufika barabarani. Ukate mlima vipande kumi: kimoja kina maji, tisa havina. Mwenye maji anakuwa bwana mpya, pengine mkali kuliko wa zamani. Miteremko iliyoshikwa na mizizi ya majani inalimwa wima, mvua ya Aprili inashusha udongo bondeni. Maziwa yanapungua, na zile fromaji za mviringo tunazonunua barabarani zinapungua nayo.

Ugawaji wa haki unawezekana, na sheria ina chombo chake: haki ya maji na ya njia juu ya shamba la mwingine, servitidi, inaandikwa kwenye sertifika na kumfunga kila mnunuzi anayefuata. Kipande cha bonde kinaweza kukatwa kwa ajili ya wakulima na kupewa hati yao kabla malisho hayajauzwa yakiwa mazima. Marekani, kwenye majimbo ya ng'ombe kama Montana, wako madalali wa ranchi tu, hawagusi nyumba za mjini. Huko mwenye ranchi anaweza kufunga mkataba na shirika la kuhifadhi ardhi, akaacha kwa hiari haki ya kuikata na kuijenga, naye akapunguziwa kodi. Mkataba unabaki juu ya ardhi hata ikiuzwa mara tano. Dalali asiyeujua hana kazi. Kwetu Serikali ndiyo mwenye udongo, kwa hiyo hatuwezi kuuiga kama ulivyo. Utaalamu wa dalali ndio tunaoweza kuudai.

Kuhusu asilimia, wapinzani wako sahihi kabisa. Anayelipwa kwa bei hawezi kuwa na subira. Alipwe kwa kazi: mpaka uliotembewa, majirani waliosikilizwa, kaya zilizoandikwa, na sehemu ya malipo ibaki mpaka msimu wa kwanza upite bila ugomvi. Yule mzee wa Mushaki anafanya kazi kwa namna hiyo tayari, ingawa hakuna aliyemlazimisha.

Mauzo yale hayajafungwa mpaka leo. Kaya nne zilizokuwa zikilima bonde la chini hazijarudi kutoka ukimbizini, naye mzee amekataa kumpeleka mwenye ferme na mnunuzi ofisini kabla hazijarudi. Mwenye ferme amekasirika. Mnunuzi ameanza kuulizia komisioneri mwingine.