Utumishi wa Mtoto Huanzia Wapi Katika Nyumba Yenye Dada wa Kazi?

Ukiwauliza wazazi wengi Wakristo wa mijini wanawaombea nini watoto wao, watakujibu kwamba wanaomba wawe viongozi wenye moyo wa utumishi. Wazazi hao hao hugawanyika linapokuja suala la kazi za nyumbani. Wapo wanaoona kwamba mtoto anayepanda basi la shule alfajiri na kurudi jioni akiwa na mazoezi ya kufanya usiku asiongezewe mzigo wa kudeki na kuosha vyombo, ilhali dada wa kazi yupo na analipwa. Wengine husema kwamba mtoto asiyewahi kumhudumia mtu nyumbani hatajifunza kufanya hivyo siku atakapopewa cheo. Kundi hili la pili huitwa la kizamani, pengine hata katili, na nadhani halijasikilizwa vya kutosha.

Hoja ya kundi la kwanza si ya kupuuzwa. Kazi za nyumbani zimewanyima watoto wengi muda wa kusoma, hasa wasichana, na katika nyumba nyingi za waumini binti huhimizwa kuwa mnyenyekevu na mchapakazi huku kaka yake akiachiwa mpira na runinga. Tanzania ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inayokataza kumtumikisha mtoto kinyonyaji, na hilo lilihitajika. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo inamtaja mtoto kuwa na wajibu wa kuwasaidia wazazi na wakubwa wake na kuitumikia jamii kwa kadiri ya umri na uwezo wake, kama unavyosema pia Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990.

Linalonisumbua zaidi ni kile ambacho mtoto hujifunza bila mtu kukusudia kumfundisha. Chukua mlo wa jioni. Mtoto wa miaka tisa anamaliza samaki wake, anaacha miiba mezani pembeni ya sahani, anahamia sebuleni, na kutoka huko anaita, “Dada, maji!” Dada huyo ana umri wa msichana wa kidato cha nne, ameamka kabla ya wote na chakula chake bado kiko jikoni. Baba amebariki mlo kwa sala ya dhati, na hakuna aliyemfundisha mtoto dharau. Lakini jioni baada ya jioni, kwa miaka mingi, mtoto amezoea kwamba yupo mtu ndani ya nyumba ambaye uchovu wake hauhesabiki. Huyo ndiye atakayekuwa daktari, mkuu wa idara au mchungaji, na atawaita wahudumu wa ofisi kwa sauti ile ile. Jumapili mambo huzidi, kwa maana familia inakwenda ibadani na dada anabaki kupika pilau. Mtoto anasimuliwa jinsi Yesu alivyojifunga kitambaa akawaosha wanafunzi wake miguu, kisha anarudi kwenye meza iliyoandaliwa na mtu ambaye hakupewa nafasi ya kuisikia habari hiyo.

Taifa letu liliwahi kukabili jambo la namna hii. Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu jijini Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400 kati yao, lakini pia alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Ukali wa adhabu ile unaweza kubishaniwa, na mimi naiona nzito; kujikata mshahara ndiko kulikompa haki ya kuwaambia wengine watumike. Miezi michache baadaye, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, alitaka wanafunzi wafanye wenyewe kazi za usafi na za shamba shuleni, akihofia kwamba elimu inawalea vijana wajione wako juu ya wakulima waliowazaa.

Ndiyo maana sikubali kwamba mshahara wa dada unamaliza suala hili. Mshahara unalipia kazi yake. Haumpi mtoto ruhusa ya kumwamuru. Na muda unaohitajika si mwingi kiasi cha kuhatarisha mtihani, kwani kuosha vyombo vya chakula cha jioni kwa zamu, pamoja na sahani ya dada, hakuchukui hata nusu saa. Kazi hiyo isitumike kama adhabu, na zamu ziwahusu wavulana sawasawa na wasichana. Baba naye awemo. Katika Injili ya Mathayo, mama wa wana wa Zebedayo ndiye aliyewaombea wanawe viti vya kulia na kushoto kwa Yesu katika ufalme wake, na wazazi wengi tunaomba vivyo hivyo. Watoto wakipewa zamu huku baba akiletewa maji ya kunawa pale alipoketi, watatafsiri kwamba kutumika ni kwa ajili ya wadogo tu, nao watasubiri kwa hamu siku ya kuachana nako.