Disko toto marufuku. Sasa watoto waende wapi?

Kila Idd au Krismasi inapokaribia, Jeshi la Polisi Kanda Maalumu ya Dar es Salaam hutoa tangazo ambalo wakazi wa jiji hili wanaweza kulitamka bila kulisoma. Doria zitaimarishwa. Wenye kumbi wasijaze watu kupita kiasi. Wazazi wasiwaachie watoto wakazurura peke yao, fukwe zitakuwa na askari, na mkesha wa Mwaka Mpya mtu asichome matairi barabarani. Na disko toto ni marufuku.

Kwa aliyekulia mbali na mambo haya, disko toto ni ukumbi wa starehe wa wakubwa unaofunguliwa watoto mchana wa sikukuu. Muziki ule ule, taa zile zile, baunsa yule yule mlangoni, ila kaunta inauza soda, na kiingilio kimepangwa kimlingane mtoto aliyepewa mkono wa Idd na shangazi wawili.

Marufuku hii ina chanzo, na chanzo chenyewe ni kizito. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idd el Fitr, watoto wapatao 20 walikufa mjini Tabora ndani ya ukumbi wa disko. Waliingizwa wengi mno, hewa ikawa haitoshi, wakakanyagana na kukosa pumzi. Ndio maana sina haraka ya kumcheka kamanda anayerudia tangazo lile lile kila mwaka. Mwenye ukumbi hulipwa kwa kila kichwa kinachoingia, na siku yenyewe ni moja au mbili tu kwa mwaka. Mtoto wa miaka tisa hajui kuhesabu milango ya kutokea wala hawezi kusema "humu pamejaa, tutoke." Ukiweka pamoja tamaa ya mmoja na ujinga wa mwingine, anayebaki kati yao ni baunsa, naye analipwa na yule wa kwanza.

Upande huo huo wa marufuku wapo wanaotanguliza maadili. Viongozi wa dini na wazazi wengi wanauliza mtoto aliyefunga Ramadhani nusu mchana kwa kujikaza anakwenda kujifunza nini katika chumba ambacho jana yake usiku kilikuwa kinauza bia. Swali halali. Linapungua nguvu kidogo tu ukikumbuka kwamba nyimbo hizo hizo mtoto anazisikia ndani ya bajaji, kwenye harusi ya jirani, na zaidi kwenye kigodoro, spika zinapofungwa mtaani usiku kucha na watoto wakajipanga mstari wa mbele bila kiingilio wala baunsa. Kama shida ni macho ya mtoto kuona mauno, ukumbi wa mchana sio ulioyaleta.

Kinachonisumbua mimi ni jambo jingine. Marufuku hii haiwagusi watoto wote sawasawa. Mtoto wa Masaki au Oysterbay hajawahi kulihitaji disko toto. Sikukuu yake ina bwawa la kuogelea la hoteli, bustani ya michezo ya maji kule Kunduchi, michezo ya mashine kwenye maduka makubwa, na gari la kumrudisha nyumbani akichoka. Disko toto lilikuwa la Mbagala, Tandika, Manzese, Buguruni, mahali ambapo nyumba ni vyumba sita vya wapangaji sita, uwanja wa kucheza umeshajengwa fremu za maduka, na mama siku ya sikukuu yuko jikoni na sufuria la pilau hadi alasiri. Huyo mama akimwambia mwanawe "nenda katembee, urudi kabla ya magharibi," hamtupi. Ndivyo naye alivyolelewa.

Basi mtazame huyo mtoto Idd pili, saa tisa alasiri, kituoni Mbagala Rangi Tatu. Wako wanne au watano. Mkubwa ana miaka 11 na amembeba mdogo wao mgongoni. Gauni jipya bado lina mikunjo ya dukani, miwani ya plastiki ya rangi ya waridi imemvaa mmoja hadi mashavuni, mwingine ana saa ya kuchezea isiyotembea. Konda anataka nauli ya mtu mzima kwa kuwa leo hawajavaa sare ya shule. Wanabishana naye, wanashinda nusu, wanapanda. Wanakwenda Coco, ufukweni.

Hapo ndipo hesabu ya usalama inapoanza kunipa shaka. Coco Beach siku ya sikukuu ni pazuri mno. Kuna mihogo ya kukaanga yenye pilipili na kachumbari, mishikaki, maputo, farasi wa kupigia picha, na watu hadi mchanga hauonekani. Lakini ni bahari ya wazi, na wengi wa watoto hawa hawajui kuogelea. Maji yakijaa, dada wa miaka 11 anawalinda watatu kwa macho mawili. Na kabla ya kufika huko wamevuka barabara kubwa kadhaa katika siku ambayo bodaboda zinashindana. Tumemtoa mtoto kwenye hatari ya ukumbi, tukamwachia hatari ya maji na ya barabara, halafu tangazo linasema wazazi wawe makini.

Anayetetea marufuku atasema mbona jiji lina mahali pengine pa kheri. Ni kweli lina. Makumbusho ya Taifa yapo mtaa wa Shaaban Robert, yana magari aliyopanda Mwalimu Nyerere na habari za Zinjanthropus, fuvu la kale la Olduvai. Kijitonyama kuna Kijiji cha Makumbusho, na humo mtoto wa mjini anaweza kuingia ndani ya msonge wa Wahaya, akatoka akaingia kwenye tembe la Wagogo, na zikipigwa ngoma akacheza. Siku za shule mabasi ya wanafunzi huegesha hapo. Lakini kituo cha daladala kinachoitwa Makumbusho, kilichochukua jina lake kwa kijiji hicho, kinapitisha maelfu ya watu kila siku ambao hawajawahi kuvuka geti lake, na sikukuu haibadilishi hali hiyo.

Sidhani ni kwa sababu watoto wetu hawapendi utamaduni. Makumbusho mtoto huenda kuona. Sikukuu anataka kuonekana. Nguo mpya inataka macho ya watoto wengine, na pesa mfukoni, hata ikiwa noti moja ya shilingi 2,000, inataka kutumiwa kwa uamuzi wake mwenyewe: lambalamba au bembea, ubuyu au puto. Disko toto lilimpa vyote hivyo kwa saa tatu, wenziwe, muziki, na mamlaka juu ya pesa yake. Marufuku iliondoa ukumbi, ila hamu iliyompeleka mtoto ukumbini iko pale pale, na kila Idd inatafuta pa kwenda.

Wengine sasa wanapendekeza viwanja vya wazi, na mimi ni mmoja wao, lakini hoja hiyo nayo isipite bila kukaguliwa. Uwazi peke yake haumlindi mtu. Februari 2020 watu 20 walikufa Moshi kwenye ibada iliyofanyika uwanjani, walipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Machi 2021, Uwanja wa Uhuru hapa hapa Dar es Salaam, watu 45 walipoteza maisha katika msongamano wa kumuaga Rais Magufuli. Kampala, usiku wa kuamkia 2023, watu wasiopungua 9, wengi wao watoto na vijana, walikufa kwenye njia nyembamba ya jengo la maduka wakikimbilia kuona fataki. Ibada, msiba na fataki havina uhusiano wowote na disko. Kinachofanana ni watu wengi kusukumana kuelekea mahali pamoja kwa wakati mmoja, bila nafasi ya kupita. Muziki haukuwa chanzo hata mara moja. Kwa hiyo tangazo linalotaja disko toto kwa jina na kusema tu watu wasijazwe kupita kiasi, bila kutaja idadi yenyewe wala upana wa milango, linapiga marufuku jina la tatizo.

Hata hivyo umati wa watoto hauwezi kuwa jambo lisilowezekana, kwa sababu jirani zetu wanalifanya. Unguja, Idd husherehekewa siku nne, na jioni watoto wa mjini hujaa kwenye viwanja vya sikukuu, Mnazi Mmoja hasa. Kuna bembea, vibanda vya vyakula, vitu vya kuchezea, na wakubwa wamo humo humo, hawakubaki nyumbani. Sitaki kupapamba: watoto hupotea, wezi wa mifukoni hawakosi, na kelele za vipaza sauti si za mtu mwenye kichwa kinachouma. Lakini mtoto wa Unguja anajua sikukuu yake iko wapi, na polisi nao wanajua. Doria ina pa kusimama. Huku kwetu polisi wanafukuzana na sikukuu iliyotawanyika jiji zima, kutoka Kigamboni hadi Bunju.

Na Dar es Salaam yenyewe huufanya umati kila mwaka. Sabasaba, maonyesho yanayoanza mwishoni mwa Juni na kubeba jina la siku chama cha TANU kilipozaliwa mwaka 1954, hupokea familia kwa familia katika viwanja vya Barabara ya Kilwa, Temeke. Tusidanganyane, baba husema anakwenda kutazama trekta, watoto wanakwenda kwa ajili ya bembea na wanyama kwenye banda la maliasili. Kuna mageti kadhaa, tiketi, askari, huduma ya kwanza, na umati umegawanywa katika siku zaidi ya 10 badala ya kubanwa katika alasiri moja. Yote yaliyokosekana Tabora yanapatikana Temeke, wiki mbili mfululizo, kwa kuwa biashara ya wakubwa inahusika.

Msimamo wangu basi ni huu. Kumbi za ndani ziendelee kufungiwa watoto, na hapo kamanda ana kura yangu. Sioni mwenye ukumbi wa kuaminiwa na mlango mmoja na watoto 400. Ila Sheria ya Mtoto ya 2009 imetaja kucheza na kupumzika miongoni mwa haki za mtoto, na haki haitekelezwi kwa tangazo la kukataza. Dar es Salaam ina halmashauri tano. Kila moja ina angalau uwanja mmoja ambao wakati wa kampeni hupatikana bila shida: Mwembe Yanga, Biafra, Zakhem, na vingine. Alasiri tatu za Idd na mbili za Krismasi, kuanzia saa nane hadi saa kumi na mbili, muziki uwepo, vikundi vya ngoma na sarakasi vipewe nafasi, wachuuzi waandikishwe, Zimamoto wakague njia za kutokea.

Pingamizi kubwa ni gharama, na ni pingamizi la kweli. Halmashauri yenye mitaro iliyoziba na madawati pungufu itaulizwa kwa nini inalipia bembea. Jibu langu ni kwamba wachuuzi wangelipa ushuru wa siku ile kwa furaha, na askari wako kazini tayari, ila wanalinda sehemu 20 badala ya tano. Pingamizi jingine, ambalo sina jibu lake safi, ni lawama. Mtoto akizama Coco, lawama ni ya mzazi. Akiumia kwenye uwanja wa halmashauri, kuna ofisa atakayeandikiwa barua. Nadhani hofu hiyo, zaidi ya fedha, ndiyo inayofanya marufuku iwe rahisi kuliko ratiba.

Kuna hatua moja isiyohitaji bajeti yoyote. Tangazo la polisi hutoka siku chache tu kabla ya sikukuu, wakati nguo zimeshanunuliwa na ahadi za matembezi zimeshatolewa. Litoke Ramadhani ikiwa katikati, na chini ya orodha ya yaliyokatazwa pawepo orodha ya pili yenye majina ya viwanja, saa za kufungua, na namba ya kupiga mtoto akipotea. Mama wa Tandika atajua ampeleke wapi na amwambie arudi kwa njia gani.